Ujumbe wa malipo hausemi pesa ni ya nini

Ujumbe wa malipo ukiingia kwenye simu ya duka unakupa mambo machache: nambari ya muamala, kiasi, jina la aliyetuma, tarehe na saa. Hausemi pesa ni ya nini. Sisi kazi yetu ni malipo, kwa hivyo tungefurahi kukuambia kwamba ujumbe huo unatosha. Hautoshi, na ugomvi mwingi kati ya wenye maduka na wahudumu wao unatoka hapo.

Chukua agrovet ya Mweiga, kwenye barabara ya Nyeri kuelekea Nyahururu. Asubuhi anaingia guka mmoja, mkulima wa waru. Anachukua dawa ya ukungu na mfuko wa mbolea, jumla shilingi 4,700, na kusema, "Msichana wangu atatuma kutoka Ruiru." Mhudumu anaandika deni kwenye daftari. Saa nane mchana 3,500 zinaingia kwenye tili, na jina lililoandikwa hakuna anayelijua. Kufikia jioni mhudumu wa asubuhi ameshaenda nyumbani. Wa jioni ana pesa isiyo na mwenyewe mkononi, na kwenye daftari kuna deni la guka, na hakuna kinachounganisha hivyo viwili. Wiki ijayo guka anadaiwa 4,700 zote. Anaapa kwamba alilipa. Mwenye duka anampigia simu mhudumu wa asubuhi, na hapo ndipo maneno yanaanza.

Kilichokosekana ni sentensi moja: "3,500 kutoka kwa binti ya guka wa dawa ya ukungu, bado 1,200." Tunaliita hilo dokezo. Tungesema noti, lakini ndani ya duka noti ni ile ya elfu.

Maoni yetu ni haya: dokezo la pesa liandikwe na yule aliyemhudumia mteja, papo hapo, na likae mahali ambapo kila mtu wa duka anaweza kulisoma bila kuomba ruhusa. Likikaa kwa simu ya mdosi peke yake halisaidii, na likikaa kwa kichwa cha mhudumu ndio kabisa.

Utatuambia mko na grupu ya WhatsApp. Karibu kila duka liko nayo, na kwa kupashana habari ni nzuri sana. Kwa kuweka kumbukumbu ni mbaya. Dokezo la saa tano asubuhi likifika jioni limefunikwa na picha za stoki, salamu, maombi na video ya mtu akianguka na bodaboda. Unaweza kubandika ujumbe ukae juu, sawa, lakini utabandukwa baada ya saa 24, siku 7 au siku 30, kulingana na ulivyochagua. Aliyeuandika anaweza kuuhariri ndani ya dakika 15. Na kama mtu aliwasha jumbe zinazojifuta, muda mrefu zaidi unaopatikana ni siku 90. Sasa hesabu na mkulima: waru hukaa shambani miezi mitatu hadi minne. Deni la dawa la msimu huu litalipwa wakati wa kuvuna, na ujumbe uliolieleza utakuwa ushapotea.

Tunapendekeza kitu kidogo. Google Keep, iliyoanza 2013, ni ya bure. Unaandika dokezo, unaongeza barua pepe za wenzako, na wote mnaona dokezo moja na mnaweza kuliandika. Mtandao ukipotea, andika tu, litajituma ukirudi. Kama duka lina matawi na watu wengi, Google Docs ni bora kwa sababu inaweka historia ya nani alibadilisha nini na lini, na kwenye mambo ya pesa historia ni nusu ya kazi. Ofisi kubwa za Nairobi zinatumia Slack na Microsoft Teams. Kwa duka la watu watatu hiyo ni kukodi lori kubeba trei ya mayai.

Na si kila malipo yanahitaji dokezo. Mtu amenunua kilo ya sukari, amelipa, ameenda: ujumbe unatosha. Andika pale ambapo pesa ina hadithi. Aliyelipa si aliyenunua. Amelipa nusu. Amelipa lakini mzigo bado uko stoo. Anaomba arudishiwe. Keshi imetoka kwa droo bila kitu kuuzwa. Nakili nambari ya muamala kutoka kwa ujumbe wenyewe, usiichape kwa kidole, maana herufi O na sufuri zimeshaleta shida za kutosha. Weka kiasi, sababu, na jina lako. Kuhusu lugha, andika mnavyoongea. "Magunia mawili ya waru ya mama wa Watuka" inaeleweka kuliko "malipo ya mteja".

Hapa tutasema jambo ambalo baadhi ya wenye maduka hawatalipenda. Mara nyingi asiyeandika ni mwenye duka mwenyewe. Anapita saa nne, gari linanguruma nje, anasema, "Nipe elfu mbili ya mafuta." Anachukua kwa droo, anaenda Nyeri. Jioni hesabu inapungua 2,000, na mhudumu ambaye hakuthubutu kumwambia bosi asaini ndiye anayeulizwa. Mwisho wa mwezi zinakatwa kwa mshahara.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 19, haimpi mwajiri uhuru wa kukata anavyotaka. Pesa ikipungua, anaweza kukata kiasi hicho ikiwa upungufu umetokana na uzembe au kukosa uaminifu kwa mfanyakazi, na mkataba wa mfanyakazi huyo uwe unasema waziwazi kwamba amekabidhiwa kazi ya kupokea, kutunza na kulipa pesa. Hata hapo, makato yote kwa pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Ndio maana tunasema dokezo la pamoja ni ngao ya mhudumu kwanza, kabla ya kuwa chombo cha usimamizi. "Saa 4:10, bosi amechukua 2,000 ya mafuta." Maneno sita au saba, na yeye mwenyewe ayaone kwenye simu yake akiwa barabarani. Akiona si kweli, aseme siku hiyo hiyo, asingoje mwisho wa mwezi.

Mwenye duka naye ana wasiwasi wake, na si wa kupuuzwa: hataki kila mtu ajue faida yake. Basi atenganishe. Dokezo la zamu ni la wote. Bei za kununulia na hesabu ya faida ziwe kwenye dokezo lingine ambalo hajalishiriki na mtu. Kushiriki dokezo moja hakufungui mengine.

Kuna vitu havifai kuandikwa humo kabisa. PIN ya tili ndiyo ya kwanza. Tunajua ni rahisi kuiweka pale ili wa jioni asisumbuke, lakini dokezo la watu watatu liko kwenye simu tatu, na moja kati ya hizo watoto wanachezea gemu nyumbani. Nambari za vitambulisho vya wateja pia ziache. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, duka linalokusanya taarifa za watu lina wajibu wa kuzilinda. "Guka wa dawa ya ukungu" anajulikana dukani vizuri bila kitambulisho chake.

Mhudumu akiacha kazi, mwondoe kwenye dokezo siku hiyo hiyo na ubadilishe PIN. Lakini kabla ya hapo keti naye mpitie madokezo ambayo bado yako wazi: nani amelipa nusu, mbolea ya nani iko stoo, binti wa nani aliahidi kutuma Ijumaa. Kesho yake hana lazima ya kupokea simu yako.