CHENI YA INJINI HAITAKI KAZI YA NUSU

Katika gazeti letu la muhula tumezoea kusoma juu ya nidhamu, usafi wa mabweni, michezo, na mtihani wa Kidato cha Nne. Mambo hayo ni mema. Lakini leo naomba nafasi niseme juu ya kitu ambacho wengi wanaopanda motokaa hawajakiona hata siku moja, kwa kuwa kimefichwa nyuma ya kifuniko mbele ya injini. Kitu hicho ni cheni ya taimingi.

Labda mmoja wenu atauliza, "Mwanafunzi wa bweni ana habari gani za injini?" Jibu langu ni kwamba likizo zangu nne zilizopita nimezipitisha katika gereji moja hapa mjini Sumbawanga, nikiosha vipuri, nikishika taa na kuwapa mafundi spana. Sikupata ufundi wote, la. Nimepata macho ya kuona, na niliyoyaona yamenipa rai moja: cheni ya taimingi haitaki kazi ya nusu. Anayeipima nusu atamdanganya mwenye gari, na anayeibadilisha nusu atamfilisi.

Kwanza yafaa tujue kazi yake. Ndani ya injini kuna krenkishafti chini, ambayo huzungushwa na pistoni, na kamshafti juu, ambayo hufungua na kufunga valvu. Katika injini ya mapigo manne krenkishafti huzunguka mara mbili wakati kamshafti inazunguka mara moja. Kwa hiyo gurudumu la meno la juu lina meno mara mbili ya lile la chini, na cheni ndiyo inayoyaunganisha. Cheni ikiruka jino moja tu, valvu zitafunguka wakati usio wao. Ikiruka meno mengi, katika injini nyingi za siku hizi, pistoni itapanda na kuikuta valvu ingali wazi, nayo itaipiga na kuipinda.

Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Gari linalotoka Sumbawanga kwenda Tunduma husafiri zaidi ya kilomita 220. Tuseme safari ni ya saa tatu, na injini inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Krenkishafti itakuwa imezunguka mara 540,000, na kila valvu itakuwa imefunguka mara 270,000, bila kukosea hata mara moja. Hiyo ndiyo kazi ya cheni katika safari moja ya kwenda tu, nayo haipewi shukrani na mtu.

Cheni za namna hii zina asili ya zamani. Hans Renold, mhandisi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi Manchester, Uingereza, alibuni cheni yenye pini, bushi na rola mwaka 1880. Baadaye, mwaka 1962, gari la Kijerumani liitwalo Glas 1004 lilitumia mkanda wa mpira mahali pa cheni, na viwanda vingi vikafuata njia hiyo. Mkanda hubadilishwa kwa kilomita zilizoandikwa na mtengenezaji. Cheni haina kilomita za namna hiyo katika vitabu vya magari mengi, na hapo ndipo lilipozaliwa neno linalosemwa sana katika vijiwe vya madereva: "Chukua gari la cheni, hutabadilisha maisha yako yote."

Neno hilo lina ukweli nusu tu. Cheni yaweza kudumu muda mrefu sana, lakini kwa sharti moja, nalo ni oili safi. Watu husema cheni "imevutika," kana kwamba chuma kimekuwa mpira. Sivyo. Kinachotokea ni kwamba pini na bushi za kila pingili zinasagika. Chukueni mfano wa cheni yenye pingili 120. Ikiwa kila pingili imesagika kwa mia moja ya milimita, ambayo ni kama sehemu ya kumi ya unene wa karatasi ya daftari, cheni nzima itakuwa imerefuka kwa milimita 1.2. Kidogo kidogo hujaza kibaba! Na oili iliyochoka, yenye masizi na vumbi, husaga pini hizo kama jiwe la kunolea.

Tena oili ina kazi ya pili. Katika injini nyingi, kinachoikaza cheni ni kifaa kiitwacho tensheni, ambacho husukumwa na nguvu ya oili. Oili ikipungua, au njia yake ikiziba kwa tope, tensheni hulegea, na cheni huanza kupiga miongozo ya plastiki inayoipitisha. Basi anayekawia kubadili oili ili aokoe fedha, anaila cheni yake mwenyewe polepole.

Hapa kwetu tambarare ya Ufipa iko juu, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi wa Juni na Julai baridi yake mwaijua. Oili nzito huwa nzito zaidi. Ukisimama kituoni alfajiri utasikia gari likiwashwa na kutoa mlio wa kra-kra-kra mbele ya injini, halafu mlio unakwisha. Hiyo yaweza kuwa cheni inalia. Lakini angalieni, nimesema yaweza kuwa.

Hapa ndipo inapoanza kazi ya nusu ya kwanza, yaani kupima nusu. Nimemwona dereva aliyeambiwa na fundi wa mahali pengine kwamba cheni yake imekwisha, naye alikuwa amekwisha kuazima fedha za kununua nyingine. Alipoletwa gerejini kwetu mkanda wa nje ulifunguliwa, injini ikawashwa kwa nusu dakika tu isije ikapata moto, na mlio ukatoweka. Ilikuwa beringi ya alteneta. Mtu yule angelipa fedha za cheni nzima, na mlio ungebaki pale pale.

Kwa hiyo kupima kuna utaratibu wake. Kwanza, tazama oili: kiasi chake, rangi yake, na kama ina chembe za chuma zinazong'aa. Pili, tazama filta. Filta duni isiyozuia oili isirudi chini usiku huweza kuleta mlio wa asubuhi, na dawa yake ni filta nzuri tu. Tatu, ondoa shaka ya vitu vya nje: alteneta, pampu ya maji, puli na mikanda. Nne, pima tapeti. Tano, kama taa ya injini inawaka, soma kodi kwa mashine. Kodi P0016 husema kwamba krenkishafti na kamshafti hazipatani, lakini yaweza kuletwa pia na sensa au waya, basi isichukuliwe kuwa hukumu. Mwisho, fungua kifuniko, uone tensheni imetoka kiasi gani, miongozo imelika kiasi gani, na upime urefu wa cheni kama kitabu cha injini hiyo kinavyoagiza. Anayeruka hatua hizi huyo anabahatisha, na anabahatisha kwa fedha za mwenzake.

Kazi ya nusu ya pili ni kutengeneza nusu, na hii imeingia katika ukoo wetu. Mjomba wangu ana Toyota Probox ya kuchukua abiria kati ya Sumbawanga na Laela. Mwaka jana mwezi wa Agosti cheni ilianza kulia kweli. Fundi mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja, aliifungua injini, akaweka cheni mpya, akairudisha tensheni ya zamani na miongozo ya zamani. Mjomba alipomwuliza, alijibiwa, "Hii bado nzima, mzee, tusipoteze fedha." Hakuipima. Aliitazama tu kwa macho.

Mwezi wa Novemba, mvua zikiwa zimekaribia, gari lilizimika njiani na halikuwaka tena. Lilipofunguliwa, tensheni ilikutwa imekwama ndani, mwongozo mmoja umekatika, cheni mpya imeruka meno, na valvu 6 kati ya 16 zimepinda. Mjomba aliuza maksai wake wawili ili alipe. Maksai wale ndio waliokuwa wakilima shamba la nyumba tatu. Ilibidi kungoja maksai wa jirani mpaka jirani amalize kwake, mahindi yakapandwa yamechelewa, na mavuno yakawa chini ya nusu. Tazameni basi: kifaa kinachoenea katika kiganja cha mkono kimepunguza chakula cha nyumba tatu.

Wako watakaosema, "Kijana, maisha ni magumu. Seti nzima ni ghali kuliko cheni peke yake." Nakubali ni ghali. Lakini nauliza, kazi kubwa ya kubadili cheni ni ipi? Ni kufungua na kufunga: kumwaga oili, kutoa mikanda, puli, kifuniko cha tapeti na kifuniko cha mbele. Kazi hiyo ni ile ile, uweke kitu kimoja au vitano. Anayeweka cheni peke yake ameacha ndani vitu vilivyosagika pamoja nayo kwa miaka ile ile. Ikibidi kufungua tena, atalipa ufundi mara mbili, na pengine na valvu juu yake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kazi kamili naieleza kwa ufupi, ili mwenye gari ajue anacholipia. Betri hutolewa waya. Pistoni ya kwanza huletwa juu kabisa, na alama za krenkishafti na kamshafti huwekwa mahali pake kabla cheni haijaguswa. Cheni mpya, tensheni mpya, miongozo mipya, oili sili mpya ya mbele, na magurudumu ya meno pia kama meno yamekuwa makali, huwekwa kwa pamoja. Pingili zenye rangi katika cheni hulinganishwa na alama. Halafu, kabla ya stata kuguswa, injini huzungushwa kwa spana na kwa mkono, mizunguko miwili kamili ya krenkishafti, na alama za magurudumu hutazamwa tena. Pingili za rangi hazitarudi mahali pake kwa mizunguko miwili, na hilo si kosa. Zinazotakiwa kurudi ni alama za magurudumu. Injini ikigoma kuzunguka, fundi mwenye akili husimama na kutafuta sababu, wala haongezi nguvu. Mwisho huwekwa oili mpya na filta mpya.

Nawaomba wenye magari wafanye mambo matatu. Waandike katika daftari tarehe na kilomita za kila oili wanayobadili. Wadai kuonyeshwa vipuri vya zamani vyote, si cheni tu. Na wasimsukume fundi kwa bei ya chini mpaka aache nusu ya kazi, kwani wengine hujitafutia hasara hiyo kwa ubahili wao. Mafundi nao nawaomba kwa heshima, kwa kuwa wao ni baba na kaka zetu: neno "bado nzima" lisitamkwe bila kipimo.

Na ninyi wenzangu, msidhani haya ni ya watu wa gereji peke yao. Uwiano wa meno mbili kwa moja tunaufundishwa darasani. Vernia kalipa tumeishika katika maabara, tukaandika jibu, tukairudisha kabatini. Wako wanaowacheka wenzao wanaotaka kwenda VETA kujifunza ufundi wa magari, ati hao wameshindwa masomo. Hilo ni neno la ujinga. Katika nchi hii ya Ufipa wazee wetu waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo, zilizoitwa malungu, kupita kimo cha mtu, na wakafua majembe yaliyolima mashamba haya. Kazi ile ilikuwa na utaratibu wake kutoka mwanzo hadi mwisho, na aliyeacha hatua moja katikati hakupata jembe.

Mwezi wa Novemba, baada ya mtihani wetu, wengi tutakuwa nyumbani tukingoja majibu. Kama katika ukoo wako kuna gari, mwombe mwenyewe ruhusa, uvute kijiti cha kupimia oili asubuhi kabla injini haijawashwa, na umwulize oili ile iliwekwa lini. Akikosa jibu, mnunulie daftari.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Malangali, Sumbawanga.