Deni la mwaka mmoja halijengi nyumba ya miaka mitano



Katika mikutano ya siku ya posho kuna ulizo moja linalorudi kila mara: "Mwalimu, nikikopa falanga nijenge vyumba viwili vya kupangisha nyuma ya lupango, si wapangaji ndio watalipa deni?" Mama anayeuliza hivyo hatafuti utajiri. Anatafuta minervali ya watoto isiyongoja mshahara unaochelewa wala meza ya soko. Hapa Lubumbashi, iwe Katuba, Kampemba ao Ruashi, familia nyingi zinasimama kwa vyumba vya namna hiyo.

Jibu langu ni hili: chumba cha kupangisha ni kazi nzuri, lakini deni fupi halifai kukianzisha. Linafaa kukimaliza. Tufanye hesabu pamoja, kama ubaoni.

Hesabu ya kwanza: chumba kinarudisha nini?

Tuseme vyumba viwili vinakula dola 3000 mpaka mlango wa mwisho, na kila kimoja kinapangishwa dola 40 kwa mwezi. Hizi ni namba za mfano. Wewe weka zako. Wengi wanahesabu hivi: dola 80 mara miezi 12 ni 960. Miaka mitatu na kidogo, falanga yote imerudi.

Hesabu hiyo imesahau kwamba nyumba nayo inakula. Mpangaji anahama na chumba kinakaa wazi. Mwingine analipa nusu na kuomba umvumilie. Kwa hiyo hesabu mwaka kuwa na miezi 10, si 12: ni dola 800. Bati linavuja, choo kinajaa, kufuli inaharibika: toa 80. Kuna kodi ya mkoa juu ya pato la nyumba, na mambo madogo ya maji na umeme: toa tena 60. Inabaki 660. Gawanya 3000 kwa 660, utapata miaka minne na nusu. Ni kazi nzuri bado, lakini ni kazi ya mtu mwenye subira.

Hesabu ya pili: deni linataka nini?

Sasa tuseme umekopa dola 1500 kwenye koperative, kwa miezi 12, na faida ya 3 kwa mia kila mwezi juu ya deni lote. Kila mwezi unarudisha 125 ya deni na 45 ya faida, jumla 170. Vyumba vyako, hata vikijaa vyote viwili, vinaleta 80. Unakosa 90 kila mwezi. Na miezi ya kwanza unakosa zote 170, kwa sababu ukuta bado haujafika dirishani na hakuna anayelipa.

Hizo 90 zitatoka wapi? Zitatoka kwenye mtaji wa unga, wa mafuta, wa samaki. Meza inapungua mwezi kwa mwezi, mpaka mama anabaki na kuta zisizo na mabati na meza isiyo na kitu. Na kama mlikopa kwa kikundi, wenzako waliokudhamini ndio watakaolipa. Vikundi vingi havivunjwi na wezi. Vinavunjwa na hesabu ya namna hii.

Deni la mwaka mmoja ni la biashara inayozunguka kila juma. Nyumba inazunguka kwa miaka. Usifunge punda na ng'ombe kwenye jembe moja.

Njia yenyewe ni ipi?

Anza na chumba kimoja, na uanze kwa falanga isiyo na faida juu yake: likelemba. Wamama 10 wakitoa dola 30 kila mwezi, kila mmoja kwa zamu yake anapata 300. Omba zamu yako iangukie kiangazi, mwezi wa sita hadi wa nane. Ndio wakati wa kuchoma matofali, na gari linafika mpaka kwenye lupango bila kuzama katika matope. Nunua matofali kwanza, maana matofali yanangoja. Sima nunua mwisho, siku ya kujenga, kwa sababu mfuko uliokaa kwenye unyevu unageuka jiwe. Na usiinue ukuta karibu na mvua kama falanga ya mabati haijapatikana.

Ukuta ukiisha kusimama, hapo deni linaweza kusaidia. Tuseme unakosa dola 400 za mabati, mlango na sakafu. Kwa miezi 10, na faida ileile, unalipa 40 na 12, jumla 52 kwa mwezi. Chumba kinaleta 40. Wewe unaongeza 12. Hapo umebeba mzigo unaolingana na kichwa chako. Hata hivyo jipime kwanza: je, unaweza kulipa miezi miwili bila mpangaji na bila kugusa mtaji wa meza? Kama ndiyo, kopa. Kama sivyo, ngoja zamu nyingine ya likelemba.

Falanga ambayo si yako

Sheria ya tarehe 31 desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba inasema garanti ya nyumba ya kukaa isipite malipo ya miezi mitatu. Kwa mfano wetu ni dola 120. Wenye nyumba wengi wanaila garanti siku ileile, kisha mpangaji akitaka kuhama wanamwambia angoje mpaka apatikane mwingine. Ugomvi unaanzia hapo, na shefu wa kartie anaitwa. Garanti ni falanga ya mpangaji iliyolala kwako. Iweke kando, usimalizie nayo dirisha.

Komisionere akikuletea mpangaji, yeye anatafuta malipo yake na kwenda. Wewe ndiye utakayeishi na mtu huyo lupango moja, mkitumia choo kimoja na bomba moja. Ongea naye mwenyewe. Andikeni mkataba, nakala mbili: bei, siku ya kulipa, garanti, nani analipa maji na umeme. Kila malipo yapewe risiti.

Fungua kaye moja ya nyumba peke yake, na mfuko wake peke yake. Malipo ya chumba yasiingie katika mfuko wa chakula siku yanapofika. Toa kwanza fungu la deni, kisha fungu la matengenezo na kodi. Kinachobaki ndicho cha nyumbani.

Karatasi

Tangu sheria ya ardhi ya 1973, udongo ni mali ya Serikali. Sisi tunapewa haki ya kuutumia. Karatasi inayothibitisha haki hiyo ni sertifika danrejistrema, inayotolewa na konservatere wa ardhi. Fishi ya komini na karatasi ya mauzo vina faida yake, lakini havichukui nafasi ya sertifika hiyo. Kabla ya kumwaga falanga kwenye udongo, uliza lupango imeandikwa kwa jina la nani.

Na mama mwenye bwana asikilize vizuri. Tangu 2016 sheria ya jamaa imebadilishwa: mke hahitaji tena ruhusa ya bwana ili kufunga mkataba, inaomba wote wawili wasikilizane. Basi sikilizaneni, na muandike. Fakture za matofali na mabati uliyonunua ziwe na jina lako, uzitunze pamoja na karatasi ya ndoa ya komini. Siku ya kilio watu wanakuja kuhesabu mali, na mama asiye na karatasi anaambiwa hakujenga kitu. Vyumba vilivyojengwa juu ya watoto vinaweza kuwatoka watoto.

Kazi ya juma hili ni ndogo. Chukua kaye, andika bei ya chumba kimoja kwenu, kipimo kwa kipimo: matofali, sima, mabati, mlango, fundi. Zidisha malipo ya mwezi mara 10, toa matengenezo na kodi. Kisha leteni kaye hizo mkutanoni, tuzisome pamoja kabla mtu hajatia sahihi kwenye deni lolote.