Gimbi linywewe, lakini lisiitwe maziwa

MJI KASORO BAHARI
Na Zuhura Mkude

Huko Sweden wameshakunywa viazi. Mwaka 2021 kampuni ya Veg of Lund ilianza kuuza DUG, kinywaji cheupe cha viazi mviringo kilichotokana na utafiti wa Profesa Eva Tornberg wa Chuo Kikuu cha Lund. Sasa nikipita Soko Kuu la Chifu Kingalu hapa Morogoro nawaza vile viazi vidogo vya Mgeta ambavyo wakaanga chipsi hawavitaki, na magimbi yanayoshushwa kutoka Uluguru.

Kuchemsha, kusaga na kuchuja si tatizo. Tatizo ni wanga. Saga gimbi na maji, bandika jikoni: umepata uji, tena wa kunata. (Na lisipoiva vizuri litakuwasha koo, hilo halihitaji mtaalamu.) Dawa ya uji mzito tunayo siku nyingi. Mwaka 1983 A. C. Mosha na Ulf Svanberg walichapisha utafiti kuhusu unga wa kimea: nafaka ikioteshwa, ikakaushwa na kusagwa, kiasi kidogo tu kinaulegeza uji wa mtoto hadi unamiminika, kwa kuwa vimeng'enya vyake vinakatakata wanga. Mama anayepika pombe ya mtama anaijua kazi ya kimea bila kusoma jarida lolote. Viwanda vya maziwa ya oti navyo vinategemea vimeng'enya vya namna hiyo.

Basi Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) wakijaribu kimea kwenye gimbi, hawaanzii sifuri. Ila tusidanganyane kuhusu lishe. Maziwa ya ng'ombe yana protini gramu 3 na ushee kwa mililita 100. Kiazi kina kama gramu 2 kwa gramu 100, gimbi pungufu ya hapo, na bado hujatia maji. Wasweden wenyewe waliongeza protini ya njegere na mafuta. Sisi tuna soya, kunde na ufuta.

Ndiyo maana neno "maziwa" silitaki kwenye chupa. Litamfikia mama mwenye mtoto mdogo, naye ataliamini. Mgeta wanafuga mbuzi wa maziwa wa Kinorwe tangu miaka ya 1980, kazi ambayo SUA walishiriki. Mtoto wa huko apewe ya mbuzi. Kinywaji cha gimbi kiwe cha mtu mzima ambaye tumbo lake halipatani na maziwa, na wengi wetu tuko hivyo. Mgahawa utakaokiweka kando ya chai ya rangi utanipata, mradi bei isizidi ya maziwa yenyewe.