Kifaa Anachokiota Mgumu wa Kilimanjaro

Nilipanda Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu nikiwa na marafiki zangu watatu. Sitawadanganya, nilipanda kwa kuhema. Jioni tulipofika Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, tukaanza mchezo ambao nadhani kila apandaye mlima huucheza: kila mtu ataje kifaa ambacho hakipo, lakini angetamani kiwepo. Mmoja akataka chupa ambayo maji yake hayagandi usiku wa kwenda kileleni. Mwingine akataka kiatu kinachokuwa chepesi msituni na kizito kwenye baridi. Mimi nikataka soksi zinazojikausha zenyewe. Tulicheka sana.

Pembeni alikuwa amekaa mmoja wa wapagazi wetu. Wao wenyewe huitana wagumu. Nikamuuliza, "Na wewe kaka, ungetamani kifaa gani?" Akanitazama kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa swali hilo. Kisha akasema, "Ngata."

Jamani, ngata! Ile ile ambayo bibi zetu husokota kwa khanga au majani ya mgomba kabla ya kujitwisha ndoo. Ila yeye alitaka ngata ya aina nyingine: iliyounganishwa na mikanda ya kuteremsha uzito mabegani, ili shingo isibebe peke yake.

Kesho yake nikatembea nikiwatazama. Mgumu huvaa begi lake mgongoni, halafu begi la mgeni hulitwika kichwani au hulilaza shingoni. Begi hilo limeshonwa kwa ajili ya uwanja wa ndege. Aliyelibuni hakumfikiria hata kidogo mtu atakayelitwika kutwa nzima kwenye mawe na matope.

Hebu tuangalie vifaa vya mlimani hutoka wapi. Mwaka 1935 Mwitaliano Vitale Bramani alipoteza wenzake sita kwenye milima ya Alps. Aliamini viatu vya wakati ule vilichangia msiba huo, na mwaka 1937 akatoa soli ya mpira yenye meno, ambayo leo iko chini ya viatu vya watu wengi bila wao kujua. Mmarekani Ray Jardine, mhandisi na mpanda miamba, alichoshwa na vyuma visivyoshika vizuri kwenye nyufa zenye kuta sambamba. Akabuni kifaa kinachojitanua ndani ya ufa, na mwaka 1978 kikaanza kuuzwa. Na msidhani wabunifu ni Wazungu tu. Wapagazi wa Nepal wana fimbo fupi yenye umbo la herufi T. Mpagazi akichoka huisimamisha nyuma yake na kuegesha mzigo juu yake, akapumzika amesimama bila kuutua.

Wote hao walibuni kwa sababu shida ilikuwa yao. Sasa niambieni, nani anaupanda Mlima Kilimanjaro mara nyingi kuliko wote? Si mimi niliyepanda mara moja nikajaza picha kwenye simu. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889, mizigo yao ilipandishwa na watu. Agosti 2022 tukazindua intaneti ya kasi pale Horombo, na tukashangilia. Ni jambo jema. Lakini mtu anayekupandishia begi ili ukatumie hiyo intaneti, analibeba kwa shingo kama zamani.

Nilipomwambia kaka yule kwamba nitaichora ngata yake na kuitafutia fundi, alicheka. "Mdogo wangu," akasema, "ukinipa kifaa cha kubeba kilo 20 kwa raha, kuna mtu atanibebesha 30. Anza na mizani."

Hapo nikanyamaza. Kanuni ipo: mzigo wa mpagazi mwisho wake ni kilo 20, mbali na vitu vyake binafsi, na hupimwa getini. Lakini mizani iko getini, mlima uko juu. Katika safari yetu, mmoja wao aliugua siku ya pili akateremshwa. Mzigo wake haukuteremka naye. Uligawanywa kwa waliobaki, na sikuona mtu akipima chochote. Kampuni iliyotupandisha siitaji, na sisi wateja pia hatukuuliza. Nami nikiwemo, mwandishi wa habari mzima ambaye kazi yake ni kuuliza.

Kwa hiyo kifaa anachokiota mgumu ni begi ambalo kishikio chake kina mizani, yenye tarakimu kubwa zinazoonekana na kila mtu: mgeni, kiongozi na mbebaji, popote njiani. Teknolojia yake si ngeni. Mizani ya mkononi ya kupimia masanduku ya safari inaenea mfukoni. Kinachokosekana ni mtu wa kuishona kwenye begi, na mgumu kuwa na haki ya kusema "imezidi" bila kuogopa kukosa safari ijayo. Haki hiyo haishonwi na fundi. Lakini ni vigumu kubishana na tarakimu ambazo watu kumi wanaziona.

Vijana wa uhandisi mnaotafuta mradi wa mwaka wa mwisho, mada ndiyo hiyo. Nendeni Moshi, muwaulize wagumu kabla hamjachora chochote. Chukueni mafundi cherehani wa palepale. Ngata na mizani viende pamoja, maana kimoja bila kingine kitamwongezea mtu mzigo.

Na wewe unayepanga kupanda, usisubiri kifaa hicho kibuniwe. Pima begi lako nyumbani. Punguza. Halafu lishike mwenyewe, lilaze shingoni, na upande nalo ngazi za ghorofa tatu. Mimi nilijaribu niliporudi Dar. Ghorofa ya pili nililitua.

Naomba kutoa hoja.