Mikumi: Mji Mdogo Wenye Mzigo Mkubwa

Mji wa Mikumi, mkoani Morogoro, unabebwa na barabara kuu iendayo Iringa, Mbeya hadi Zambia. Kisheria, hata hivyo, mji huo si halmashauri. Ni mamlaka ya mji mdogo iliyo chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Kilosa, kwa mujibu wa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982.

Hivyo, bajeti ya kuzoa taka za Mikumi hupitishwa na Baraza la Madiwani la Kilosa. Barabara kuu ni ya TANROADS, za mitaa ni za TARURA, na Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, husimamiwa na TANAPA. Mwananchi mwenye kero humfuata mwenyekiti wa kitongoji aliyechaguliwa Novemba 27, 2024, ambaye hana fungu la kuitatua.

Hoja ya kuupandisha mji huo hadhi ina uzito, ila halmashauri mpya huhitaji mapato ya kujiendesha, na kiingilio cha mtalii hifadhini hakiingii katika mfuko wa mji. Kinachowezekana mapema zaidi ni madiwani wa Kilosa kuitengea Mikumi, katika bajeti yao, sehemu ya ushuru unaokusanywa humo.