Daraja Lililojengwa Upya Si Uongo

Ziko hoja zinazopata heshima kwa ukali wa sauti yake kuliko uzito wa sababu zake. Miongoni mwa hoja hizo ni ile isemayo ya kuwa kitu cha kale kikiisha kuteketea kimekufa, na kila kitakachosimamishwa mahali pake, hata kikifanana nacho kwa kila kipimo, ni uongo. Hoja hii husemwa juu ya majumba, ngome na mahali pa ibada. Na kwa kuwa imevaa sura ya kupenda kweli, wanafunzi wengi huipokea bila ya kuipima. Mahali pazuri pa kuipimia ni wilaya moja ya mashamba katika Marekani, ambako kazi ya seremala wa karne ya kumi na tisa imechomwa moto mara mbili na kusimamishwa mara mbili.

Wilaya hiyo ni Madison, katika jimbo la Iowa, nchi ya mahindi na mito midogo, na mji wake mkuu ni Winterset. Zamani ilikuwa na madaraja 19 ya mbao, yenye kuta na mapaa kama nyumba. Leo yamebaki sita: Imes la mwaka 1870, Cutler-Donahoe la 1871, Holliwell la 1880, Roseman na Cedar ya 1883, na Hogback la 1884. Aghalabu daraja lilipewa jina la jirani aliyekaa karibu nalo, na kwa hiyo orodha ya madaraja hayo ni kama orodha ya wakulima waliovuka juu yake. Katika sita hayo, matano yamesimama tangu karne yake. La sita, Cedar, lilichomwa moto mwezi wa Septemba mwaka 2002. Mwaka 2004 lilijengwa tena kwa ramani ile ile, kwa vifaa vya namna ile ile, na kwa utaratibu wa kazi uliotumiwa mara ya kwanza. Mwezi wa Aprili mwaka 2017 lilichomwa mara ya pili, na vijana watatu. Mwaka 2019 likawa limekwisha kusimama tena. Basi swali ni hili: je, daraja hilo lihesabiwe pamoja na ndugu zake, au litengwe kama sanamu ya marehemu?

Jibu haliwezi kupatikana kwa kuyatazama madaraja haya kwa mbali na kuyasifu uzuri. Lazima kwanza kujua kwa nini yaliezekwa. Wapo wadhanio kuwa paa liliwekwa liwe pambo, au liwafunike wasafiri wakati wa mvua na theluji. Msafiri alipata kivuli, lakini si kwa ajili yake paa lilijengwa. Baraza la wilaya liliamuru madaraja yafunikwe kwa sababu ya hesabu ya fedha. Mbao nene za sakafu zilikuwa ghali kuliko mbao za ubavuni na za paa. Zikiachwa wazi, zililowa na kukauka, zikalowa tena na kuoza. Zikifunikwa, zilidumu miaka mingi. Kwa hiyo mbao rahisi zilitangulizwa mbele ya mvua ili zile za thamani zisalimike. Mswahili amelisema jambo hili kwa maneno machache: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Katika hesabu hiyo mna somo kubwa ambalo wapinzani wa daraja jipya hawalitazami. Paa la daraja ni sehemu iliyokusudiwa kuharibika. Waliolijenga walijua kuwa litachakaa na kuwekwa jingine, na kwamba kuchakaa kwake ndiyo kazi yake. Basi kuwekwa upya hakukuja na watu wa zama hizi wenye kupenda maigizo. Kulikuwamo ndani ya daraja tangu siku ya kwanza. Mtu akisema kuwa asili ya daraja ni ubao ule ule uliopigiliwa mwaka 1883 na hakuna kingine, anadai jambo ambalo wajengaji wenyewe hawakulidai.

Umbo la daraja lenyewe linatoa ushahidi wa namna hiyo hiyo. Mwaka 1820 Mmarekani Ithiel Town alipata haki ya uvumbuzi wa ubavu wa daraja uliofanywa kwa mbao nyembamba zilizokingamana kama kimia, zikafungwa kwa misumari ya mti. Uzuri wa ufundi huo ni kuwa haukutaka magogo makubwa wala mafundi adimu. Uzito wa gari haukuegemea boriti moja tu. Uligawanywa kwa mbao nyingi. Benton Jones, aliyejenga Cedar, Roseman, Hogback na Holliwell, aliutumia ufundi huo. Holliwell, lenye urefu wa futi 122 juu ya mto uitwao Middle River, ndilo refu kuliko yote yaliyobaki. Katika ubavu wa kimia, ubao mmoja ukioza huweza kutolewa na mwingine kutiwa, na daraja likaendelea kubeba.

Tena historia ya madaraja haya haikuwa historia ya kukaa kimya. Imes lilihamishwa mwaka 1887, likahamishwa tena mwaka 1977 hadi St. Charles. Cutler-Donahoe lilipelekwa katika bustani ya mji wa Winterset mwaka 1970. Cedar lenyewe lilihamishwa mwaka 1921. Baadaye yakaja matengenezo makubwa: Roseman mwaka 1992 kwa dola 152,515, Holliwell mwaka 1995 kwa dola 225,000, Cedar mwaka 1998 kwa dola 128,073. Basi daraja lililoteketea mwaka 2002 halikuwa mahali lilipozaliwa, wala halikuwa kazi ya mikono ya Benton Jones peke yake. Lilikuwa limekwisha kuhama na kutengenezwa, na bado liliitwa Cedar, na wageni walifunga safari kwenda kulitazama kama daraja la 1883. Mwenye kulikataa la 2004 na aonyeshe ni ubao wa ngapi uliolitoa daraja katika ukweli na kulitia katika uongo. Jahazi hubadilishwa ubao hata mara kumi, likatiwa kalafati na mlingoti mpya, na hakuna baharia alisemaye kuwa amepanda chombo kingine.

Mpinzani mwenye akili atajibu kuwa matengenezo ya kidogo kidogo si sawa na moto. Katika matengenezo, ubao wa zamani humpokea mgeni na kukaa naye. Katika moto wote huondoka pamoja, na uzi wa historia hukatika. Hoja hii ina nguvu, na haifai kudharauliwa. Lakini inachukulia kuwa uzi huo umesokotwa kwa mbao tu, na hapo ndipo inapokosea. Katika Peru, juu ya mto Apurímac, liko daraja la kamba za majani liitwalo Q'eswachaka. Kila mwaka watu wa vijiji vya jirani husokota kamba mpya, hulikata daraja lililochakaa na kufunga jingine. Hakuna jani lake lenye umri mkubwa, na hata hivyo mwaka 2013 UNESCO ilitia elimu na mila ya kulifanya upya katika orodha ya urithi wa wanadamu. Kilichodumu pale ni ujuzi, kipimo, mahali na haja ya kuvuka. Cedar la 2004 lilikuwa na vitu hivyo. Ramani ilikuwapo, namna ya kazi ilijulikana, kijito kilikuwa pale pale, na haja ya kuvuka haikuisha: kabla ya moto wa 2002 ndilo lililokuwa daraja pekee la paa katika wilaya lililokuwa bado likipitisha magari.

Hata hivyo wenye kulitetea daraja jipya wasivuke mpaka. Kusema kuwa daraja lililojengwa upya si uongo si kusema kuwa moto si hasara. Mbao za kale zina maneno ambayo mbao mpya haziwezi kuyasema: alama ya chombo cha fundi, tundu la msumari uliokosewa, ubao uliokatwa mfupi na kuungwa kwa haraka. Hayo hayamo katika ramani. Daraja jipya ni mwanafunzi, na madaraja matano ya kale ni walimu. Mwanafunzi akifanya vizuri, sifa humrudia mwalimu, lakini walimu wote wakiteketea hapatakuwa na wa kusahihisha makosa. Kwa hiyo mchomaji hana udhuru wa kusema kuwa litajengwa jingine. Vile vile mjengaji ana sharti moja asilolikwepa: tarehe ya kweli iandikwe mahali pa wazi. Mwaka 1883 ni sifa ya Benton Jones. Miaka 2004 na 2019 ni sifa ya waliomfuata. Anayeificha tarehe ya pili ndiye mwongo, na uongo wake hauko katika mbao bali katika kibao cha maelezo.

Wapo wengine wanaodhuru jambo hili kwa njia ya mapenzi. Mwaka 1992 Robert James Waller alitoa riwaya yake juu ya mapenzi ya siku chache kati ya mpiga picha na mke wa mkulima, na madaraja ya Roseman na Cedar yakaingia katika hadithi hiyo. Mwaka 1995 ilitoka sinema yake, iliyoongozwa na Clint Eastwood, naye akaigiza pamoja na Meryl Streep. Wilaya ikajulikana duniani, na si haki kuilaumu hadithi kwa kupendwa. Lakini tangu hapo wako wanaosema kana kwamba madaraja haya yana thamani kwa kuwa wapendanao wawili wa kubuniwa walisimama karibu nayo. Tarehe zinawakanusha. Sherehe ya madaraja hufanywa katika Winterset kila mwezi wa Oktoba, na ilianza mwaka 1970, miaka 22 kabla ya riwaya. Roseman, Holliwell na Hogback yalitiwa katika orodha ya taifa ya mahali pa historia mwaka 1976. Wenyeji waliyapenda madaraja yao kabla ya wageni kufundishwa kuyapenda. Tena sifa haikuwa ngao: daraja la McBride liliungua mwaka 1983 likiwa halijulikani mbali, na Cedar liliungua mwaka 2002 na 2017 likiwa maarufu. Mwenye kutazama huleta sifa. Mwenye kushika nyundo ndiye aletaye daraja.

Hapa jambo linawahusu wasomi zaidi kuliko watalii. Cedar liliweza kurudi kwa sababu vipimo vyake vilikuwapo kabla ya moto. Kama mtu asingalitunza ramani, hoja ya uongo na ukweli isingalikuwa na maana, kwa kuwa pasingalikuwa na daraja la kubishania. Mwanachuoni anayekaa mbali akitoa hukumu juu ya uasili, na hali hajapata kupima boriti hata moja wala kuandika neno moja la fundi mzee, anafanana na mtu anayelia matangani bila ya kuwahi kumwuguza mgonjwa. Kazi yake ni kutangulia moto: kupima, kuchora, kuandika majina ya vifaa na mpango wa kazi, na kuhakikisha kuwa yuko kijana ajuaye kuyasoma aliyoyaandika.

Wilaya ya Madison ilipoteza madaraja 13 katika 19. Lilipoteketea la kumi na nne haikukubali, na lilipoteketea tena haikukubali tena. Wanaoliita daraja hilo uongo wamehesabu mbao na kusahau kuhesabu uamuzi huo, nao ni uamuzi ule ule wa watu wa kwanza walioagiza paa lijengwe juu ya sakafu ili sakafu isioze.