Mcheza Kwao Hutuzwa: Mbona Mukabi Hajatuzwa?

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Methali hii hufundishwa katika kila darasa la Kiswahili nchini Kenya, na wanafunzi huitungia insha mwaka nenda mwaka rudi. Hata hivyo, hapa Kakamega yupo mcheza kwao ambaye tuzo yake haijafika hadi leo. Jina lake ni George Mukabi. Nimewahi kulitaja jina hilo mbele ya vijana wa kidato cha tatu, wazawa wa kaunti hii hii, wakatazamana kana kwamba nimemtaja mfalme wa Uajemi. Vijana hao hawana lawama. Mtoto hulijua lile analoambiwa na mkubwa.

Kwa manufaa ya wasiomjua, Mukabi alizaliwa mwaka 1930 katika eneo la Kisa, ambalo siku hizi ni sehemu ya Khwisero katika Kaunti ya Kakamega. Alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpigaji wa gita kavu, yaani gita lisilotumia umeme. Wimbo wake 'Sengula Nakupenda', ambao ndio uliomtangaza zaidi, ulipata mashabiki mbali sana na kwao. Maisha yake yalikatizwa kwa kuuawa mwaka 1963, mwaka ule ule Kenya ilipojinyakulia uhuru. Alikuwa na umri wa miaka 33 hivi.

Ili tumwelewe mtu huyu, yafaa tuuelewe wakati wake. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipokwisha mwaka 1945, askari wa King's African Rifles walirejea makwao, na baadhi yao walikuja na gita mkononi. Makampuni ya kutengeneza santuri yakapata nguvu jijini Nairobi, na gramafoni ikaingia madukani na vilabuni hadi mashambani. Kutoka Katanga, nchini Kongo, zilitufikia sauti za magalacha wa gita kama Mwenda Jean Bosco, ambaye wimbo wake 'Masanga' ulitiwa katika santuri na Hugh Tracey. Vijana wa Magharibi mwa Kenya walizisikiliza sauti hizo kwa makini. Lakini hawakuridhika kuiga tu. Walichukua gita la mgeni wakalifundisha lugha ya kwao, na hapo ndipo ulipozaliwa mtindo uitwao omutibo.

Naomba nieleze jinsi omutibo unavyofanya kazi, kwa maana wengi huusikia bila kuusikiliza. Mpigaji ni mmoja na gita ni moja, lakini sikio hudanganyika likadhani wapigaji ni wawili au watatu. Kidole gumba hushika nyuzi nene na kuuendesha mdundo bila kupumzika, huku kidole cha shahada kikichezesha lahani katika nyuzi nyembamba. Mwenziwe huketi kando na chupa ya Fanta, ile ya zamani yenye mbavu mbavu ubavuni, akiigonga na kuikwaruza kwa kipande cha chuma. Waimbaji hupokezana, sauti moja juu na nyingine chini. Msikilizaji mwangalifu atautambua humo mlio wa litungu, na pia mwendo wa ngoma ya isukuti. Hivyo basi, hii si sanaa ya kuokota. Ni elimu iliyotafutwa na watu ambao wengi wao hawakubahatika kukaa darasani miaka mingi.

Juu ya mdundo huo Mukabi aliweka maneno. Alikuwa mtunzi wa watu wa kawaida, na mambo ya mapenzi na ya nyumbani ndiyo yaliyokuwa malighafi yake. Kwa sababu hiyo, sioni makosa kumlinganisha na watunzi wa muziki wa kantri wa Marekani, muziki ambao Wakenya wanaupenda mno. Sauti ya Jim Reeves, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1964, ingali inasikika katika nyumba nyingi za mkoa huu wa zamani wa Magharibi. Muziki wa kantri nao ni muziki wa shambani: mtu mmoja, gita moja, na kisa kinachosimuliwa bila madoido.

Isitoshe, muziki huo ulifika kwetu zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1950, huko Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis, Hugh Tracey alinasa wimbo wa wasichana uitwao 'Chemirocha'. Jina hilo si jingine ila ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi anayeitwa baba wa muziki wa kantri, lilivyotamkwa na ndimi za Kikipsigis. Santuri zake zilikuwa zimetangulia kufika Bonde la Ufa.

Sasa natutazame Wamarekani walimfanyia nini Jimmie Rodgers. Alizaliwa mwaka 1897, akafanya kazi katika reli, akaimba kwa miaka michache tu, kisha akafa kwa kifua kikuu mwaka 1933 akiwa na umri wa miaka 35. Umri huo haupishani sana na ule wa Mukabi wetu. Lakini mwaka 1953, miaka 20 baada ya kifo chake, mji wa Meridian anakotoka ulianzisha tamasha la kumkumbuka. Mwaka 1961 alikuwa miongoni mwa watu watatu wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Sifa la muziki wa kantri. Meridian pia una makumbusho yenye jina lake. Mtoto wa Meridian hana njia ya kukua bila kulisikia jina hilo.

Je, jina la Mukabi limehifadhiwa na nani? Hapa ndipo ninapoona uchungu. Mtafiti John Low alitoka ng'ambo kuja kujifunza vidole vya wapigaji wetu, na mwaka 1982 makala yake juu ya historia ya gita la Kenya ikachapishwa katika jarida la African Music. Mwaka 1989, kampuni ya GlobeStyle ya London ilitoa mkusanyiko wa nyimbo za Abana ba Nasery, wale Wanyore watatu wa gita na chupa ya Fanta walioufuata mkondo huo huo wa omutibo. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 2010, nyimbo za Mukabi mwenyewe zilikusanywa na kutolewa upya nchini Marekani katika santuri iitwayo 'Furaha Wenye Gita'. Waliofanya kazi hizo walifanya jambo jema, nami nawashukuru. Lakini ikiwa kila anayekuja kumtafuta Mukabi anashuka kutoka kwa ndege, sisi tulio umbali wa nauli ya matatu tunafanya nini?

Haki itendeke: si kwamba nyumbani hakukuwa na mtu. Mwanawe, Johnstone Mukabi, aliurithi mtindo wa babake na kuupiga hadharani. Lakini urithi unaobebwa na familia moja ni mzigo mzito, na taa yenye utambi mmoja haichelewi kuzimika.

Yapo wanayosema kwamba suala hili liachiwe sheria ya hakimiliki. Wazo hilo lina mvuto, hasa tukikumbuka masaibu ya wanamuziki wetu wa kale, ambao wengi walilipwa ujira wa mara moja studioni, nazo santuri zikaendelea kuuzwa miaka na miaka. Lakini tuisome sheria yenyewe. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, utunzi wa muziki hulindwa kwa miaka 50 baada ya kwisha kwa mwaka aliofariki mtunzi. Mukabi alifariki mwaka 1963. Hesabu hiyo hata mwanafunzi wa darasa la nne ataimudu: ulinzi huo ulikoma tarehe 31 Desemba 2013. Tangu siku hiyo, mashairi na lahani zake ni mali ya umma. Tulichelewa kumtuza alipokuwa hai, tukachelewa tena hata sheria ilipokuwa ingali upande wa warithi wake.

Hata hivyo, sheria hiyo hiyo iliyoufunga mkoba imefungua mlango wa shule. Mwalimu anayetaka kuyanakili maneno ya wimbo wa Mukabi, kuyaandika ubaoni, kuyachambua au kuyafundisha kwaya yake, hahitaji tena idhini ya mtu wala hatatozwa senti. Deni lililobaki si la fedha, bali ni la heshima. Nalo deni la heshima halilipwi mahakamani. Hulipwa darasani.

Fasihi simulizi ni sehemu ya somo la Kiswahili katika shule zetu za upili, na nyimbo ni utanzu wake mmojawapo. Aidha, mtaala wa umilisi umetenga mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu. Nafasi ipo. Lakini vitabu vya kiada vya Kiswahili nilivyopata kuvitumia vinatoa mifano ya nyimbo za kazi, za jando na za kubembeleza watoto, zisizotajwa mtunzi wala mahali. Mwanafunzi hutoka humo akiamini kwamba nyimbo za Waafrika hutungwa na kundi lisilo na jina, ilhali Wazungu ndio wanaotunga wakatia sahihi. Mukabi anaivunja dhana hiyo. Ana jina, ana mwaka, ana kijiji, na ana sauti unayoweza kuitambua kati ya mia.

Najua pingamizi zitakazotolewa. Ya kwanza ni kwamba nyimbo zake ni za mapenzi, hazifai watoto. Nami nauliza, je, ni ushairi upi tunaoufundisha usiogusa mapenzi? Tumewafundisha wanafunzi Romeo na Juliet wa Shakespeare vizazi na vizazi, na Kakamega haikuangamia.

Pingamizi ya pili ni kwamba Kiswahili cha waimbaji wa bara si sanifu. Ni kweli, mara nyingi upatanisho wa ngeli hulegea katika nyimbo hizo, na lafudhi ni ya kwetu. Lakini mwalimu wa lugha anapaswa kulifurahia jambo hilo. Nyimbo hizi ni ushahidi wa jinsi Kiswahili kilivyotoka pwani kikapanda hadi nchi ya Waluhya, kikapokewa na watu waliokuwa na lugha zao, na kikatumiwa kusema mambo ya moyoni kabla ya Wakenya wengi kukisoma shuleni. Badala ya kuukimbiza wino mwekundu, mwalimu awaulize wanafunzi: mtunzi huyu amesema nini, na kwa nini amelisema hivi? Hapo watajifunza sarufi sanifu na historia ya lugha kwa wakati mmoja.

Pingamizi ya tatu ni ya ukabila, eti tutakuwa tunampigia debe mtu wa kwetu. La hasha! Mtu aliyezaliwa Kisa akachagua kuimba kwa Kiswahili ndiye aliyeuruka ua wa kabila zamani, tena kabla ya serikali ya Kenya huru kumwambia afanye hivyo.

Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliiorodhesha ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Lakini omutibo nao ni ndugu wa isukuti, na uko katika hatari iyo hiyo. Lahani inaweza kuhifadhiwa katika santuri, lakini mwendo wa vidole haunaswi hivyo. Hutoka katika mkono wa mzee na kuingia katika mkono wa kijana, na mzee akiondoka bila kijana kando yake, hakuna jarida wala santuri itakayourudisha wote.

Kwa hivyo, walimu wenzangu, ninaloomba si jengo wala sanamu. Naomba kipindi kimoja cha fasihi simulizi katika muhula huu. Tafuteni wimbo mmoja wa George Mukabi, mwachie kila mwanafunzi ausikilize mara mbili, kisha muuchambue kama mnavyochambua shairi lolote: mtunzi, dhamira, wahusika, lugha na mdundo. Katika shule zinazoshiriki mashindano ya muziki, mwafaka ni kumwalika mzee mmoja wa kijijini anayejua kulipiga gita kwa gumba na shahada, apewe kiti, chai na wanafunzi watatu wenye hamu.

Nanyi wanafunzi, mna kazi ambayo sisi hatuwezi kuwafanyia. Mnazo simu za kurekodi ambazo Hugh Tracey, aliyetembea na mitambo ya kujaza gari zima, angezionea wivu. Mkienda likizoni, waulizeni babu na nyanya zenu ni nani aliyekuwa akipiga gita kijijini walipokuwa vijana. Liandikeni jina lake, andikeni anakotoka, na kama yu hai, mrekodini kwa ridhaa yake. Kisha mje na jina hilo shuleni, nasi tutalisahihisha kama tunavyosahihisha kazi nyingine yoyote, kwa alama kamili.